Gumu au Laini

Muuzaji ni kijana, kalamu sikioni.
Akaniuliza, "Bibi, wapenda gumu au laini?"
Nikamkodolea macho
kama aliyeniuliza jina la babu wa babu yangu.

Miaka arobaini na minne, Abílio,
tumelalia uti wa mgongo wako.
Daktari wa Braga alisema gumu, tukanunua gumu:
ubao uliovishwa shuka.
Nami kila alfajiri niliamka na bega lililokufa ganzi,
nikawasha jiko, nikachemsha kahawa,
nikidhani mabega ya watu wote
ndivyo yaamkavyo.

"Vua viatu, ujilaze."
Hadharani! Jumamosi saa tano,
kioo cha duka kikitazama barabara,
na Graça wa duka la dawa akipita na mwavuli wake.
Nikavua. Soksi ya kushoto ina tundu.
Nikalala chali, mkoba kifuani,
kama maiti anayepimwa sanda.
"Si hivyo, bibi. Lala unavyolala."

Ninavyolala?
Mimi hulala ukingoni, ubavu wa kushoto,
mkono mmoja nje ya kitanda,
nikikuachia nafasi ya kugeuka.

La springi lilinirusha kidogo, likanipokea,
likanirusha tena, kama mwenyeji
asiyejua kama anakukaribisha au anakuaga.
Kisha ile sponji ya kumbukumbu, ndivyo aiitavyo,
eti hukariri umbo lako.
Nilizama hadi viwiko, jasho likanitoka.
Nikamwambia kijana, ninyanyue,
kumbukumbu ninazo za kutosha nyumbani.

Lakini lile la mpira, lenye sufu juu,
lilinishika begani kama mtu mwenye adabu.
Nikanyamaza. Nikanusa.
Sufu ile ilikuwa na harufu ya mbali ya mvua juu ya kondoo,
na mara nikawa Montalegre, nina miaka sita,
kwenye godoro letu la maganda ya mahindi.
Lilikuwa na mpasuko katikati. Kila asubuhi
mama alitia mkono humo hadi kwapani
akayageuza maganda
kama mkunga anayemgeuza mtoto tumboni.
Tulilala wanne. Ukijipindua tu,
godoro lilikutaja kwa jina.

Mkweo Idalina akapiga simu: chukua la kati,
la bei ya kati, usijitie hasara.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
lakini Idalina anawajua wa kwangu wote, mmoja mmoja.
Nikaizima simu.

"Laini," nikamwambia kijana,
kwa sauti ya mtu anayeungama.
"Laini kiasi. Lisinimeze."
Euro mia sita na tisini.
Nililipa kwa zile ulizoweka za paa.
Paa litavuja. Sitini nalo ugomvi.

Jumanne wakaja vijana wawili kulichukua la zamani.
Lilipokuwa uchi, bila shuka, nililiona vizuri:
mabonde mawili na kilima katikati,
bonde lako lina kina kuliko langu,
langu limebanana kabisa na ukingo.
Likagoma kwenye kona ya ngazi.
Walisukuma, wakatukana, wakaomba radhi.
Wewe nawe uligoma pale pale,
siku ya hospitali,
ukisema hujasahau kitu ila miwani.

Usiku wa kwanza nililala ukingoni.
Wa pili, ukingoni.
Wa tano niliweka mto upande wako, nikauondoa,
maana haukoromi.

Leo ni wa tisa. Nimeamka mshazari,
kichwa kwangu, miguu kwako,
bega langu hai, linawasha kidogo
kama mtu aliyerudi safarini.
Nikalala pale pale nikiingoja aibu.
Ilipochelewa,
nikaenda kuchemsha kahawa.